Motel One ya Rue Royale, Brussels: nilivyoipima kwa jicho la msimamizi wa vyumba

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asipoteze muda. Kwa mtu anayekwenda Brussels mwisho wa wiki, anayetaka usingizi wa kweli na kufika anakotaka bila teksi, Motel One iliyopo Rue Royale namba 120 ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa anayekwenda kukaa muda mrefu na masanduku ya nguo, si mahali pake, na sababu zake nitazieleza.

Nasema haya nikiwa mtu wa kazi hiyo. Miaka mingi nimekuwa kwenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, kwanza mhudumu wa kutandika vitanda, kisha msimamizi, yule anayepita nyuma ya wahudumu na kupitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Safari hii nilikuwa na mama yangu mzazi. Tulikuwa tunakwenda kumtazama mdogo wangu aliyejifungua Ghent, mji mwingine wa Ubelgiji, na kwa kuwa ndege inatua Brussels, tukaamua tukae hapo kwanza kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, mama auone mji na apumzike kabla ya kushika mjukuu. Magoti yanamsumbua. Ngazi kwake ni adhabu. Kwa hiyo sikuwa natafuta hoteli nzuri kwa jumla. Nilitafuta hoteli inayomfaa mwanamke mzee wa Kizanzibari, mwenye kuswali sala tano, asiyekula nyama asiyoijua, na anayetaka chai kabla ya neno lolote asubuhi.

Bei ya kati kwangu ni baina ya euro 90 na 150 kwa chumba cha watu wawili bila kifungua kinywa. Chini ya hapo, katikati ya Brussels, unachopunguza ni usingizi wako. Juu ya hapo unaanza kulipia vitu ambavyo mgeni wa siku chache hana saa za kuvitumia.

Lakini kabla ya kuitazama hoteli yoyote ya mji huu, tazama kalenda. Brussels inaishi kwa mikutano. Bunge la Ulaya, Tume ya Ulaya, Baraza la Umoja wa Ulaya, makao makuu ya NATO, vyote vipo hapa, na watu wanaofuata shughuli hizo hulala hotelini kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kwa pesa za ofisi. Ijumaa wanarudi kwao. Chumba kilekile, na shuka zilezile, Jumanne kinaweza kuuzwa karibu mara mbili ya bei ya Jumamosi. Kwetu Unguja bei hupanda kwa msimu, Julai na Agosti, halafu Krismasi. Hakuna anayelipa zaidi kwa kuwa leo ni Jumatano. Brussels mambo yamegeuka. Agosti, Bunge likiwa mapumzikoni, ndipo hoteli zinapotafuta watu. Tena Bunge hilo lina vikao vyake vikubwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kawaida wiki moja katika mwezi, na wiki hiyo wabunge, wasaidizi, wakalimani na waandishi wa habari wanahamia huko. Ratiba ya vikao inatangazwa mapema na mtu yeyote anaweza kuisoma. Wakuu wa nchi wakikutana, kinyume chake, bei inapaa na barabara za mtaa wa Schuman, penye ofisi za Umoja wa Ulaya, zinafungwa. Mimi nilichagua siku kwanza, hoteli baadaye, na ninaamini hapo ndipo nilipookoa pesa nyingi kuliko popote pengine.

Nyota zinawapoteza wengi. Nyota huhesabu vifaa na huduma: mapokezi yana mtu saa ngapi, kuna mashine ya kukaushia nywele, kuna dawati, chakula kinaletwa chumbani. Hakuna nyota inayosema godoro limegeuzwa lini. Nimeingia hoteli ya nyota nne yenye ukungu mweusi kwenye pembe za bafu, na nimelala nyumba ya wageni isiyo na nyota hata moja ambapo kidole changu kilitoka juu ya fremu ya mlango safi kama kilivyoingia.

Kwa hiyo husoma maoni ya wageni, ya karibuni tu, na hasa yale ya alama za kati. Aliyetoa kumi bado ana furaha ya safari. Aliyetoa moja amegombana na mtu wa mapokezi. Mwenye sita au saba ndiye atakayekwambia dirisha linaelekea wapi. Natafuta maneno machache: kelele, harufu, joto, lifti. Harufu ikitajwa na watu wawili wasiojuana, katika miezi tofauti, basi bomba la maji machafu lina tatizo na rangi mpya ya ukuta haitalitibu. Joto ni neno la maana kwa sababu majengo mengi ya zamani ya Brussels hayana kiyoyozi, na chumba cha chini ya paa mwezi wa Julai hakilaliki. Picha walizopiga wageni naziamini. Katika picha za hoteli yenyewe hutafuta kile ambacho hakikupigwa: hoteli iliyoweka picha nyingi za baa na moja tu ya bafu, tena ya kando, ina sababu yake. Ukisafiri na mzazi, hilo bafu litazame mara mbili. Siku hizi wabunifu wa huko wanapenda kuweka ukuta wa kioo baina ya bafu na kitanda. Kwa mume na mke hewala. Kwangu mimi na mama yangu, hapana.

Lifti nayo isikutoshe kuona imeandikwa ipo. Hoteli moja ya mji huohuo niliyolala huko nyuma ilitangaza lifti, na kweli ilikuwepo, ila ilianzia nusu ghorofa juu, baada ya ngazi nyembamba za kuzunguka. Nyumba za zamani za Brussels ni nyembamba na ndefu, lifti imepachikwa baadaye palipopatikana nafasi. Safari hii niliandika barua pepe kabla ya kulipa: kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wa chumba, kuna ngazi hata moja? Uliza hivyo hivyo, swali la ndiyo au hapana, na jibu ulitunze. Jibu lililonifika kutoka Rue Royale liliniridhisha.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoomba viza ya Schengen. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi, nawe hujui kama viza itatoka. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, na maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Katika hali hiyo chumba cha bei rahisi kisichorudishwa pesa ni kamari. Chukua bei ya kufuta bure hata kama imezidi kidogo, na uangalie tarehe ya mwisho ya kufuta, maana kwingine ni siku moja kabla, kwingine ni wiki nzima. Viza ikitoka, rudi utazame bei tena. Kama imeshuka, weka upya kisha ndiyo ufute ya kwanza. Sisi watu wa hoteli tunalijua hilo na hatulichukii. Chumba kilichofutwa mapema kinauzwa tena, kinachotuumiza ni mgeni asiyetokea. Angalia pia kama kodi ya utalii ya mji imo kwenye bei uliyoonyeshwa au utalipa ukifika, kwa sababu mitandao ya kuuza vyumba haifanani katika hilo.

Mtaa. Hapa nikae kidogo, maana Brussels ina mji wa juu na mji wa chini, na baina yao kuna mlima ambao ramani ya simu haikuonyeshi.

Karibu na Grand-Place, ule uwanja wa katikati uliojengwa upya baada ya mizinga ya Wafaransa kuubomoa mwaka 1695, pana uzuri usio na mfano na kelele hadi usiku wa manane. Vichochoro vyake vimejaa mabaa na makundi ya vijana waliokuja kuagana na ujana kabla ya harusi. Kama ni lazima ulale huko, omba chumba cha uani. Sainte-Catherine, upande wa soko la zamani la samaki, ni tulivu zaidi na pana kituo cha metro. Ningekuwa na watoto ningekwenda huko, kwenye hoteli za vyumba vyenye jiko kama Citadines, nipike mwenyewe. Gare du Midi, stesheni ya treni za London na Paris, bei zake huvutia, lakini usiku sipendi kutoka pale na mama na mabegi. Gare du Nord pia niliiruka: nyuma ya stesheni kuna mtaa wa madirisha ya wanawake wanaojiuza, sikutaka mama yangu apite hapo kila jioni. Mtaa wa Ulaya, Schuman na Luxembourg, Jumamosi unakuwa kimya kabisa na hoteli zake nzuri zinashuka bei sana. Kasoro yake ni kwamba na migahawa nayo mingi inafunga, na mtu wa miguu mibovu hawezi kutafuta chakula mbali.

Rue Royale ipo juu, kwenye mgongo wa mlima, na hilo ndilo lililonifanya niichague. Barabara yenyewe ni tambarare na imenyooka. Tramu za 92 na 93 zinapita juu yake, na kituo cha metro cha Parc kipo mwendo wa dakika chache. Kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem treni inaanzia chini ya jengo la abiria, inafika Gare Centrale, stesheni ya katikati ya mji, kwa takriban dakika 20. Nauli ina tozo ya ziada ya uwanja wa ndege, usishangae. Ukitoka Gare Centrale ukakokota sanduku kwa miguu hadi Rue Royale utapanda mlima na kutokwa jasho hata kwenye baridi. Usifanye hivyo. Panda metro namba 1 au 5, kituo kimoja tu, shuka Parc, na mlima umeshaupita ukiwa umekaa. Kadi ya benki ya kugusa inakubalika kwenye mashine za metro na tramu, na ikifika kiwango fulani cha siku haikati tena. Jihadhari tu na tiketi za ndege za bei poa zinazosema Brussels kumbe zinatua Charleroi, ambako ni karibu saa nzima kwa basi.

Ndege yetu kupitia Addis Ababa ilitua asubuhi mapema. Chumba ni saa tisa alasiri. Wengi hukasirika hapo, nami naomba niwatetee wenzangu: mgeni wa jana anatoka saa tano au saa sita, na mhudumu mmoja ana vyumba kumi na kitu vya kumaliza kabla ya hiyo saa tisa, kila kimoja na shuka, foronya, taulo, bafu, vumbi na zulia. Ukimharakisha, ujue anachokiacha ni kile usichokiona. Tulichofanya ni kuacha mabegi mapokezini, tukatoka kula, tukarudi mchana. Mama alikaa kwenye viti vikubwa vya ukumbini, vile vya umbo la yai, akasinzia, na hakuna aliyemsumbua. Ukumbi huo una baa inayofanya kazi saa zote na pombe inauzwa, mwenye kuchukizwa na hilo ajue mapema. Kijana wa mapokezi alipoona amelala akapunguza sauti yake mwenyewe. Nilimpa alama hapo hapo.

Sasa chumba.

Motel One ni kampuni ya Kijerumani, ilianza mwaka 2000, makao yake Munich, na hoteli zake zote zimejengwa juu ya wazo moja: weka kitanda kizuri na bafu zuri katikati ya mji, vingine toa. Hakuna kabati la nguo, kuna kiango cha wazi. Hakuna friji ya vinywaji. Hakuna simu ya mezani. Hakuna chakula cha kuletwa chumbani. Rangi yao ya buluu ya kijani unaikuta kila mahali. Chumba ni kidogo, kitanda kinachukua sehemu kubwa ya sakafu.

Mama aliposimama katikati yake akazunguka macho.

"Mwanangu, kabati liko wapi?"

"Hakuna, mama. Kuna kiango hicho tu."

"Na kanga zangu nitie wapi?"

"Zikae kwenye sanduku, mama, tunaondoka Jumatatu."

Hakupenda, na ninamwelewa. Ila mimi niliona kitu kingine. Kila kitu kisichokuwepo chumbani ni kitu ambacho mhudumu hakukifuta vibaya. Kabati lina rafu sita, juu yake vumbi, ndani yake viango vilivyopotea na blanketi la akiba ambalo hakuna ajuaye lilifuliwa lini. Friji ndogo inavuja, inanuka, inanguruma usiku. Simu ya mezani ni kati ya vitu vichafu kuliko vyote chumbani pamoja na rimoti. Ukivitoa hivyo, mtu mwenye dakika zilezile za kufanya chumba anazipeleka kitandani na bafuni, ambako mgeni anakutana na usafi kwa ngozi yake. Katika kundi hili la bei siijui njia ya haki zaidi ya kutumia nguvu za wafanyakazi, na natamani wenye hoteli kwetu, wanaojaza vyumba vidogo meza na mapambo ya makuti, waje kuiona.

Nikafanya ukaguzi wangu wa kawaida, na ninakusihi uufanye popote utakapolala, hata pa bei ghali. Sanduku liingie bafuni kwanza, juu ya vigae, lisiguse zulia wala kitanda. Kisha funua shuka kwenye pembe za godoro upande wa kichwani, washa tochi ya simu, fuata mshono wa godoro na nyuma ya ubao wa kitanda. Unatafuta madoadoa meusi madogo kama ya ncha ya kalamu. Hiyo ni alama ya kunguni, na kunguni hawachagui nyota. Ukiyaona, usifungue sanduku. Rudi mapokezini uombe chumba kisichopakana na hicho, wala kilicho juu au chini yake. Rue Royale sikuyaona. Mshono ulikuwa safi, shuka ya pamba imekaza, kingo zimekunjwa na mtu anayejua kazi. Bafuni niliinama kunusa tundu la maji, hakuna harufu. Silikoni ya pembeni mwa shawa ilikuwa nyeupe, na hiyo ndiyo hati ya usafi ninayoiamini, maana ukungu haufichiki hapo. Juu ya fremu ya mlango palikuwa na vumbi jembamba. Ningemwita mhudumu wangu nimwonyeshe, lakini nisingemkata mshahara.

Tuliomba vitanda viwili, tukavipata, vimekaribiana lakini kila mmoja na godoro lake na shuka yake. Omba hivyo wakati wa kuweka nafasi, usingoje kufika. Pazia zinaziba mwanga sawasawa, na huko kiangazi mwanga unaingia usiku wetu mkubwa. Sala ya Alfajiri inakuwa mapema mno, ya Isha inachelewa hadi karibu na usiku wa manane, kwa hiyo vipande vya usingizi wa baina yake vinahitaji giza. Nafasi ya kutandika mswala ilipatikana baina ya kitanda na dirisha, mmoja baada ya mwenzake. Kibla kutoka Brussels ni kusini-mashariki. Chooni hakuna bomba la kujisafishia, kama ilivyo karibu Ulaya yote ya kaskazini. Beba chupa laini yenye mdomo mdogo, haina uzito na inakuondolea karaha. Plagi zao ni za matundu mawili ya mviringo, zetu za pini tatu za bapa haziingii, nunua adapta kabla hujaondoka.

Usiku tulilala. Naliandika hilo peke yake kwa sababu ndilo tulilolinunua. Chumba chetu kilikuwa upande wa ndani, tramu sikuisikia. Ukipewa kinachoelekea barabarani, omba ghorofa ya juu.

Kifungua kinywa kinauzwa mbali na bei ya chumba, nasi hatukukinunua. Meza niliiona, mikate, jibini, matunda, imepangwa vizuri na inajazwa kwa wakati. Lakini ukitoka mlangoni ukafuata Rue Royale kuelekea Botanique, mbele kidogo unaingia Chaussée de Haecht, mtaa wa Waturuki. Ubelgiji ilitia saini mikataba ya wafanyakazi na Morocco na Uturuki mwaka 1964, ikiwaita watu kuchimba makaa na kujenga, na wajukuu wao ndio wenye maduka ya mikate, bucha na mikahawa ya mitaa hii. Mama alikunywa supu ya dengu na mkate wa moto asubuhi zote, nyama akaila bila wasiwasi, akaniambia hapo ndipo Ulaya ilipomfurahisha. Kwa Jumapili kuna soko kubwa mbele ya Gare du Midi, na Wamorocco wanakaanga chapati za mraba zinazojazwa jibini au asali. Chai ya chumbani usiitegemee katika hoteli za bei hii za bara la Ulaya. Birika la maji ni desturi ya Uingereza zaidi. Tuliomba maji ya moto ukumbini, tukapewa, na majani ya chai na iliki mama alikuwa nayo mfukoni tangu nyumbani.

Matembezi yetu yote yalifuata zile tramu mbili na ile metro, na ndipo faida ya mahali ilipoonekana. Tramu 92 ilitupeleka Louise, tukajongea polepole hadi Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Kisamvu kilichotwangwa, samaki wakavu, mihogo, saluni za kusuka, na mama mmoja wa Bukavu aliyemshika mama yangu mkono na kuongea naye Kiswahili hadi nikachoka kusimama. Mwanzoni mwa mtaa huo, karibu na Porte de Namur, pana uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Kwa tramu hizohizo unashuka Poelaert, mbele ya jengo kubwa la mahakama, na hapo kuna lifti ya kioo ya umma, haina malipo, inayokushusha mtaa wa Marolles chini. Mwenye magoti mabovu aijue hiyo. Grand-Place tulikwenda na kurudi kwa metro ya kituo kimoja. Na kutoka Parc, metro namba 1 hadi Montgomery, kisha tramu 44 inayopita msituni, tulifika Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika lililofunguliwa upya Desemba 2018. Karibu na hapo, kando ya kanisa, yapo makaburi ya Wakongo saba waliokufa mwaka 1897, walipoletwa pamoja na wenzao zaidi ya mia mbili kuonyeshwa kwa watu kwenye maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mama aliyasimamia muda mrefu. Alirudi amechoka kwa moyo kuliko kwa miguu, na nilishukuru kwamba kitanda kilikuwa safari moja rahisi tu kutoka pale.

Siku ya kuondoka tulitoka saa tano, mabegi tukayaacha tena mapokezini, tukala, tukayachukua na kwenda Gare Centrale kupanda treni ya Ghent, ambayo ni kama nusu saa. Risiti iliorodhesha kodi kando ya bei ya chumba, kama walivyoniandikia.

Nani asiende hapo? Anayekaa wiki mbili, kwa ajili ya kabati na jiko. Anayetaka kula chakula cha jioni bila kutoka nje, maana mgahawa hakuna. Familia ya watoto watatu. Na anayelazimika kuwa Brussels Jumanne au Jumatano wiki ya mkutano mkubwa: huyo asilipe bei watakayomwambia, hapo wala kwingine katikati ya mji. Atazame Mechelen, mji mdogo ulio njiani kuelekea Antwerp, treni ni chini ya nusu saa na ni nyingi mchana kutwa, alale huko na kuingia Brussels asubuhi. Aangalie tu treni ya mwisho ya usiku kabla ya kuweka chumba.